Usiliite Kayongo "Changamoto": Mhadhara kuhusu Sauti ya Mtaalamu Anayeandika

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kufika hapa Kisumu, hasa ninyi wa Busia na Kakamega mliopanda matatu kabla ya jua kuchomoza. Naona wauguzi, maafisa wa kilimo, mafundi, mawakili na walimu. Nimeombwa nizungumze kuhusu mtaalamu anayeandikia umma: afanyeje ili maandishi yake yawe na sauti yake mwenyewe, msomaji akifunika jina juu ya makala bado amtambue aliyeandika. Mimi ni mtu wa ugani, yaani kazi yangu ni kuwashauri wakulima, na maisha yangu ya kazi yameishia mashambani, kwa hivyo mifano yangu mingi itanuka udongo.

Nianze na makala yangu ya kwanza kwa Kiswahili. Niliiandikia jarida dogo la wakulima, na ilihusu kayongo, gugu la shambani ambalo vitabuni huitwa striga. Sentensi yake ya kwanza naikumbuka mpaka leo, kwa sababu niliisoma mara nyingi nikijivunia: "Gugu la striga limekuwa changamoto kubwa kwa wadau wa sekta ya kilimo magharibi mwa Kenya, jambo ambalo limesababisha kushuka kwa uzalishaji." Jarida lilipotoka nikampelekea mama mmoja kule Siaya. Shambani kwake ndiko nilikolijulia gugu lile vizuri, kuliko chuoni. Nikamketia barazani nikamsomea yote, kurasa mbili. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, na kayongo utaliandika lini?"

Nilikuwa nimemaliza kurasa mbili juu ya kayongo, na yeye aliyepigana nalo tangu aolewe hakulisikia hata mara moja.

Nikamwomba anieleze yeye. Akasema kayongo haliji kuiba mahindi yaliyokomaa. Linayaua yangali machanga, chini, mahali usipoona. Ukiliona limechomoza na ua lake la zambarau, ujue umeshaliwa, sasa linakuaga tu.

Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa na maneno hayo kichwani, na kadiri nilivyoyafikiria ndivyo nilivyoona kwamba hakuna hata neno moja linalopingana na sayansi niliyofundishwa. Mbegu ya kayongo ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja hutoa makumi ya maelfu ya mbegu, na mbegu hizo zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Hazioti ovyo. Mzizi wa hindi au wa mtama ukipita karibu, unatoa kemikali, na mbegu ikiinusa ndipo inapoamka, inajishikiza kwenye mzizi na kuanza kunyonya. Madhara makubwa hutendeka kabla gugu halijatoka juu ya ardhi. Hayo yote niliyajua. Niliyajua siku niliyoandika "changamoto". Elimu nilikuwa nayo, lakini nilipoketi kuandika niliiacha nje ya mlango kama viatu, nikaingia na maneno ya kuazima.

Ndiyo maana siamini kwamba sauti ya mwandishi ni mapambo anayoongeza mwishoni, methali mbili hapa, msamiati mgumu pale. Kwangu mimi, sauti huanza na yale ambayo kazi yako imekufundisha kuyaona kabla ya mtu mwingine. Watu watatu wakisimama ufuoni Dunga, hapa Kisumu, asubuhi, mbele ya ghuba iliyofunikwa na gugumaji, hawaoni kitu kimoja. Mvuvi anatazama upepo, maana upepo ndio utakaolisukuma lile zulia la kijani upande wa pili au kumfungia mashua yake ufuoni. Mchuuzi wa omena anahesabu mashua ambazo hazijarudi. Afisa wa afya anaangalia maji yaliyotuama kati ya mimea na kufikiria mbu na konokono. Kila mmoja akiandika alichokiona yeye, tutapata makala tatu zisizofanana hata kidogo. Wote wakiandika kwamba "gugumaji limeathiri shughuli za kiuchumi katika Ziwa Victoria", tumepata makala moja mara tatu, na hata hiyo moja haina mtu ndani yake.

Sasa maneno haya ya kuazima yanatoka wapi? Kwa sisi wa huku nadhani yanatoka sehemu tatu, na mbili nitazipitia haraka.

Ya kwanza ni taarifa ya habari. Tumekua tukiisikia redioni, na tukiketi kuandika Kiswahili "kizuri" tunamsikia msomaji wa habari masikioni. Mikakati kabambe. Kujifunga kibwebwe. Kupigwa jeki. Imebainika kwamba. Kila neno hapo ni Kiswahili halali, wala simlaumu mtangazaji, ana dakika tatu za kusema mambo kumi. Lakini wewe muuguzi, ni lini ulimwambia mwenzako wodini kwamba mgonjwa amepigwa jeki na dawa?

Ya pili ni Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini ripoti zetu za kazini bado wengi tunaziandika kwa Kiingereza. Halafu tukitaka kuwaandikia wananchi tunaifungua ripoti ile ile, tunaivua koti na kuivisha kanzu. Msomaji anatambua mara moja. Anaona sentensi inayosema kwamba maji safi "yanacheza jukumu muhimu", na anajiuliza maji yamejifunza lini mchezo. Dawa yake ni rahisi kuisema: funga ripoti. Usiitafsiri. Isahau kwa usiku mmoja, kesho ueleze jambo lile lile kama kwamba halijawahi kuandikwa.

Ya tatu ndiyo inayoniuma, na nitakaa hapo kidogo. Ni hofu ya Pwani. Watu wetu wengi, Waluo, Waluhya, Wakisii, Wakalenjin wa Nakuru, wanaamini moyoni kwamba Kiswahili ni cha wenyewe kule Mombasa na Lamu, na sisi tumekaribishwa tu. Basi mtu akiandika anajaribu kuandika kama mzee wa Mji wa Kale. Anatia "yakhe" na "ati". Anasaka maneno ya Kiarabu kwenye kamusi. Matokeo yake ni kwamba anaogopa kila sentensi, na mtu anayeogopa hasikiki sauti.

Nataka niwakumbushe jambo moja la historia. Kiswahili sanifu tunachokiandika kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar. Uamuzi huo ulifikiwa mwaka 1928, na mkutano wenyewe ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa lahaja ya Kimvita yenye ushairi wa karne nyingi. Kwa hiyo hata mtoto wa Mombasa aliyezaliwa na lugha hii alipoingia darasani alikuta kitabu kinasema tofauti na mama yake. Sanifu ni lugha tuliyojifunza wengi kuliko tuliozaliwa nayo. Tunachodaiwa ni kujifunza vizuri. Ngeli usizichezee. Ukiandika "kitabu yangu" mbele ya umma umemkosea msomaji heshima, hata kama sokoni Kibuye unaisikia kila siku. Lakini ukishazishika ngeli, huna deni tena kwa mtu yeyote. Andika gorogoro, maana mahindi yetu yanapimwa kwa gorogoro. Andika baraza la chifu. Andika kayongo, na kama msomaji wa Mombasa halijui, mweleze kwa maneno matano: gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Naye atakuwa ameongeza neno.

Nikisema gorogoro nakumbuka jambo la hesabu, ambalo wataalamu tunaliharibu sana. Tunadhani takwimu haziwezi kuwa na sauti. Hebu sikilizeni. Mkulima anaambiwa atie mbolea ya kupandia kilo 50 kwa ekari. Ni kweli, lakini shambani hakuna mizani, na yeye yuko na jembe na watoto wawili wanaomsaidia. Sasa tuhesabu pamoja. Akipanda mistari ya sentimita 75, mashimo sentimita 50, mbegu mbili kila shimo, ekari moja inachukua mashimo takriban 10,800. Gawa ule mfuko wa kilo 50, kila shimo linapata gramu nne na nusu hivi. Na gramu nne na nusu ni nini? Ni kizibo cha soda kilichosawazishwa kwa kidole. Maafisa wa ugani wamefundisha kizibo miaka mingi, wakulima wanakijua. Lakini ukimwonyesha njia nzima, kutoka mfuko mpaka kizibo, umemfanya aweze kukupima wewe mwenyewe. Akibadilisha nafasi za mashimo atajua kwamba kizibo nacho kinabadilika. Mimi nikiona makala yenye hesabu ya namna hiyo najua aliyeandika amewahi kuinama shambani.

Jambo jingine ni kutoa hukumu. Tumefundishwa kazini tujifiche: imeonekana, inapendekezwa, inashauriwa. Nani ameona? Nani anashauri? Kwenye ripoti, sawa. Lakini msomaji wa gazeti au jarida amekuja kwako kwa sababu wewe unajua. Mwambie. Mimi nasema wazi: mtu anayepanda mahindi peke yake kila msimu kwenye shamba lenye kayongo analilisha gugu hilo kwa mkono wake. Apande desmodiamu, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, katikati ya mistari na majani ya tembo pembeni, njia ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita waliianzisha na wakulima wengi wa huku wakaifuata, wakaiita sukuma-vuta. Desmodiamu inamfukuza kipekecha-shina, mdudu anayetoboa mashina ya mahindi, na kulizuia kayongo lisijishike kwenye mzizi, na majani ya tembo yanamvutia kipekecha akataage huko, kisha ng'ombe wanayala.

Ukishahukumu, sema na gharama yake. Msimu wa kwanza ni wa jasho: desmodiamu inaanza polepole na inataka palizi ya makini, maana ikiwa changa inafanana na magugu na kibarua asiyeijua ataing'oa yote. Nimeyaona hayo kwa macho. Ukificha shida hiyo ili ushauri wako upendeze, mkulima ataigundua mwenyewe, na siku utakapoandika tena hatakusikiliza. Kwa maoni yangu hapa ndipo sauti ya mtaalamu inapojengeka au kubomoka, kuliko kwenye msamiati.

Namna ya kujizoeza? Mimi hutumia simu. Nikitaka kuandika jambo, kwanza namtafuta mtu anayelihitaji, mkulima, jirani, dada yangu, namweleza ana kwa ana na kujirekodi, kwa ruhusa yake. Kisha nasikiliza na kuandika. Mazungumzo yana marudio mengi, lazima uyapogoe. Lakini utakuta mahali ulipoongeza kasi kwa sababu jambo lilikugusa, na mahali yule mtu alipokukatiza na swali. Swali lile mara nyingi ndilo aya yako ya kwanza. Baadaye soma kwa sauti. Sentensi inayokukata pumzi wewe uliyeiandika itamchosha zaidi anayeisoma.

Nilisema nitaacha nafasi ya maswali. Naam, dada muuguzi kutoka Vihiga.

Ameuliza swali zito, narudia ili wa nyuma wasikie. Anasema angependa kuandika kuhusu akina mama wanaochelewa kuanza kliniki ya wajawazito, lakini anaogopa mawili: wakubwa wake wamwone hana adabu, na akina mama wajitambue kwenye maandishi.

Hofu ya pili ni ya haki na isikuondoke. Siri ya mgonjwa si mali ya mwandishi. Usibadilishe jina tu na kuacha kijiji, umri na idadi ya watoto. Watu wa kijijini watamjua kabla hawajamaliza aya. Chukua kilichorudiwa na wengi, kisicho cha mmoja.

Hofu ya kwanza, nikuulize. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mama aonane na mhudumu mara 8, na mara ya kwanza kabla ya wiki 12. Wako wanafika lini? Anasema wengi mwezi wa tano, hata wa sita. Kwa nini? Anasema, "Mimba changa haitangazwi. Ukionekana kwenye benchi la kliniki, umeitangaza."

Mmesikia? Hakuna ripoti iliyompa maneno hayo. Ni benchi analolitazama kila asubuhi kupitia dirisha la kazini. Mkubwa wake akiyasoma hataona utovu wa adabu, atawaza kama benchi lile linaweza kuhamishiwa mahali pasipotazamana na barabara.

Dada, usiyapoteze. Yaandike sasa hivi kama ulivyoyasema. Na ninyi wengine, toeni kalamu. Kila mmoja aandike jambo moja analoliona kazini kwake ambalo mpita njia haoni. Tuna dakika 20 kabla ya chai, kisha tutasomeana, tukianza na mstari wa nyuma.