Sonona ya ukoo: mtoto anarithi nini hasa?

MWANAIDI: Karibuni. Msikilizaji ameuliza: mama yao aliwahi kuugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, na sasa mdogo wake wa kidato cha pili ameacha mpira, usiku halali, akisemeshwa anafoka. Je, ndiyo damu ya kwao? Kaka Baraka, tumjibuje?

BARAKA: Damu imo, dada, lakini haiko peke yake. Watafiti hulinganisha mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile, na mapacha wasiofanana, ambao kwa wastani wana nusu tu ya pamoja. Mwaka 2000 Patrick Sullivan na wenzake walizijumlisha tafiti hizo, wakakuta vinasaba vinaeleza kama asilimia 37 ya tofauti kati ya watu katika kuugua sonona.

MWANAIDI: Na hapo wengi huteleza. Haina maana kwamba mtoto wako ana asilimia 37 ya kuugua. Hesabu hiyo ni ya kundi zima, haimsemi mtoto wa mtu.

BARAKA: Wala hakuna kinasaba kimoja cha sonona. Mwaka 2003, utafiti wa Dunedin kule New Zealand ulitaja kinasaba kimoja kinachohusika na serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo, kwamba mwenye aina fulani akipata misukosuko huugua kirahisi zaidi. Ulivuma sana. Mwaka 2019, data za watu wengi mno hazikuunga mkono dai hilo. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulitaja sehemu 102 za vinasaba, kila moja na mchango mdogo sana.

MWANAIDI: Natamani wazee wetu wangelisikia hilo. Posa ikija, huulizwa: ukoo ule hauna wazimu? Matokeo yake wagonjwa wanafichwa vyumbani, na binti anakua hajui kilichomsumbua shangazi yake.

BARAKA: Sasa tazama upande wa malezi. Kuna utafiti wa Marekani uliowafuatilia vijana walioasiliwa. Mama aliyewalea akiwa amewahi kuugua sonona, nao walikuwa hatarini zaidi, na hawana damu moja naye.

MWANAIDI: Hilo limenigusa. Mama anaamka kachoka tayari, mtoto anasimama mlangoni na daftari, anamtazama, anarudi zake. Siku nyingi za namna hiyo zinamjenga mtoto.

BARAKA: Ndiyo maana naupenda utafiti wa Myrna Weissman wa mwaka 2006. Akina mama walitibiwa sonona, watoto wao wa miaka 7 hadi 17 wakapimwa. Baada ya miezi mitatu, kwa mama waliopona, watoto wenye matatizo ya akili walipungua kwa asilimia 11. Kwa mama ambao hawakupona, waliongezeka kwa asilimia 8.

MWANAIDI: Kwa hiyo msikilizaji wetu, mama naye aulizwe hali yake. Na mdogo wako, kama amekaa hivyo wiki mbili au zaidi, mpelekeni kituo cha afya. Kijana mwenye sonona mara nyingi hununa na kukasirika, halii. Muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

BARAKA: Mkifika kwa daktari, msifiche habari za mama. Na kama yupo ndugu aliyewahi kuchangamka kupita kiasi, siku kadhaa hasikii usingizi, mtajeni pia, kwa sababu hiyo inaweza kubadilisha dawa atakayopewa kijana.