Radi Inapopiga Juu

Mabibi na mabwana, radi ikipiga, sote hutazama ilikoangukia: mti, paa, mlingoti. Leo nawaomba mtazame juu, maana sehemu ya nguvu yake hupanda.

Kila mmweko hutoa pia mawimbi ya redio. Baadhi hupenya tabaka la juu la angahewa, yakashika mstari wa sumaku ya dunia na kuufuata angani hadi upande wa pili wa ikweta. Safarini, yenye masafa ya juu, yaani yanayotetema haraka, hutangulia, ya chini huchelewa. Yageuze kuwa sauti, utasikia mluzi unaoshuka: fyuuuu, kama sekunde moja hivi. Mjerumani Heinrich Barkhausen aliusikia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akinasa simu za adui. Mwanafizikia Owen Storey ndiye aliyekuja kuueleza vizuri mwaka 1953.

Huko mluzi unakopita si kutupu. Mwaka 1958 chombo cha mwanafizikia James Van Allen ndani ya setilaiti ya Explorer 1 kiligundua mikanda ya mionzi, yaani maeneo ya chembe zenye kasi yanayoizunguka dunia. Elektroni zilizonaswa humo huzunguka mstari wa sumaku kama springi, zikienda kaskazini na kusini mara kadhaa kwa sekunde. Zikiikaribia dunia, sumaku inakaza na kuzirudisha. Lakini lazima ziende kwa mshazari wa kutosha. Mluzi ukilingana na mzunguko wa elektroni, huunyoosha ule mshazari kidogo, kidogo tu, na elektroni haigeuki tena. Inatumbukia hewani, chini ya kilomita 100, inapita karibu na viini vya atomi, inafunga breki ghafla. Sehemu ya nishati yake inatoka kama eksirei.

Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, wakipekua data za zamani za setilaiti ya SAMPEX, walionyesha kuwa hata elektroni za mkanda wa ndani, ule ulio karibu zaidi na dunia, zinazokaribia kasi ya mwanga hudondoshwa hivyo. Kwangu hilo ndilo la kushangaza zaidi, kwani mkanda huo ulihesabiwa kuwa mtulivu.

Eksirei hizi za elektroni msizichanganye, tafadhali, na eksirei za radi yenyewe, zile zilizopimwa Florida kwa radi zilizochokozwa na roketi zenye waya. Hizo hutoka papo hapo, palepale inapopiga. Mvua ya elektroni huchelewa, pengine hata sekunde nzima, na inaweza kunyesha upande wa pili wa ikweta, kusiko na wingu.