Shikamoo inakula nusu ukurasa

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunazungumzia skripti za filamu, na kaka Baraka kaingia studio na karatasi mkononi. Ya nani hiyo?

BARAKA: Ya kijana mmoja kaniomba nimsomee. Jina tuliache. Nimeileta kwa ajili ya ukurasa wa kwanza tu. Sikiliza, da Zuhura. "NDANI. SEBULENI KWA MZEE. JIONI." Halafu: Hodi. Karibu. Shikamoo baba. Marahaba, hujambo? Sijambo. Habari za huko? Nzuri. Mama yako? Mzima, anakusalimia. Wadogo zako je?

ZUHURA: (anacheka) Kwani uongo? Ndivyo tunavyosalimiana.

BARAKA: Kweli, lakini ukurasa mmoja wa skripti huhesabiwa kama dakika moja kwenye kioo. Huyu nusu ukurasa umeshakwenda na hatujui kijana kafuata nini.

ZUHURA: Sasa ulimwambia akate? Mimi ningekubishia. Mtoto akiingia kwa mzee bila shikamoo, mtazamaji wa Temeke anajua moja kwa moja kuna jambo, au kalewa. Hiyo inakuwa sini, yaani onyesho, nyingine kabisa.

BARAKA: Ndicho nilichomwambia: usikate, ipe kazi. Kwenye hadithi yake kijana kauza kiwanja cha familia, kaja kukiri. Haya, aingie. "Shikamoo baba." Mzee anasoma gazeti. Haitikii. Anafunua ukurasa. Kijana anarudia, sauti imeshuka. Mzee, macho bado gazetini: "Wamekupa shilingi ngapi?"

ZUHURA: Eh! Kumbe anazo habari.

BARAKA: Anazo, na kijana anatetemeka, na hakuna aliyetaja kiwanja. Mistari michache tu.

ZUHURA: Halafu ile marahaba imebaki deni. Mtazamaji wa Kiswahili hatoisahau. Ukitaka, mzee aje aitoe dakika ya themanini, watu walie.

BARAKA: Au asiitoe kabisa.

ZUHURA: Ukatili huo. Ila tusimlaumu kijana, kaka. Sisi tumekulia kwenye filamu za sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Kisa cha saa moja kilikuwa kinavutwa mpaka kijae diski mbili, kwa sababu sokoni kilikuwa kinauzwa mara mbili. Gari linapiga honi, mlinzi anafungua geti, linaingia, geti linafungwa, bosi anashuka, anatembea mpaka barazani...

BARAKA: Na wimbo juu yake.

ZUHURA: Wimbo mzima, na kiitikio! Hakuna aliyeandika ile safari ya getini. Nyingi zilipigwa kwa muhtasari: mwongozaji anawapa waigizaji kisa, maneno wanajaza wenyewe. Na nisiwadharau, walikuwa wanaweza. Waigizaji akina Kanumba na Ray walipitia kundi la maigizo la Kaole, walizoea kuigiza wiki baada ya wiki kwenye televisheni. Mpe mwigizaji kama huyo ugomvi wa mke na mume, atakupa maneno ambayo mimi na wewe tusingeyaandika mezani.

BARAKA: Maneno utapata. Ila wakiwa wawili wanabuni papo hapo, kila mmoja anataka kushinda ubishi, sini haina pa kuishia. Mhariri akifika pale hana pa kukata.

ZUHURA: Hapo sina la kusema.

BARAKA: Ugonjwa wa pili kwenye karatasi hii, ukurasa wa tatu: "Anakumbuka maisha aliyoishi na mama yake Tanga." Mpiga picha apige nini hapo?

ZUHURA: Hiyo ni riwaya. Ndiyo maana kugeuza kitabu kuwa filamu kunatesa watu. Chukua Vuta N'Kuvute. Shafi Adam Shafi kaitoa 1999, filamu ya Amil Shivji imetoka 2021, skripti kaandika pamoja na Jenna Bass, na ikaonyeshwa tamasha la Toronto. Riwaya inaweza kukukalisha ndani ya kichwa cha Yasmin, mhusika mkuu, kurasa kwa kurasa. Kwenye skripti kichwa hakifunguki. Unabaki na uso wake, mikono yake, na anachofanya mlango ukigongwa.

BARAKA: Kwa huyu wa Tanga nilipendekeza awekewe wali wa nazi. Tonge la kwanza tu, anaacha kutafuna. Basi.

ZUHURA: Sawa, lakini kuna kitu wafundishaji wa skripti hawakisemi. Wanahubiri "punguza maneno, onyesha vitendo," kana kwamba kwetu maneno si kitendo. Mwanamke kajifunga kanga imeandikwa "Mdhaniaye ndiye siye," anapita polepole mbele ya mlango wa jirani, anarudi tena. Kamtukana, na mdomo hajafungua. Sasa hiyo ni maneno au ni kitendo?

BARAKA: Vyote.

ZUHURA: Basi iandike! Jina la kanga liwe ndani ya skripti, neno kwa neno. Ukimwachia mtu wa mavazi atakuletea kanga ya rangi nzuri inayosema mambo mengine, na ugomvi wako umekufa.

BARAKA: Hiyo nampelekea leo leo. Kingine cha haraka: programu nyingi za kuandikia skripti hazijui Kiswahili. Ukurasa mzima umepigiwa mistari myekundu utadhani umefeli mtihani. Zima kikagua tahajia, endelea na maisha.

ZUHURA: Na bajeti?

BARAKA: Aa, bajeti. Sini ya mwisho: "NJE. DARAJA LA TANZANITE. USIKU. MVUA KUBWA." Prodyuza akisoma vichwa vya sini tu, hafiki kwenye mazungumzo. Kibali, taa za usiku, mvua ya kutengeneza, magari ya kusimamisha.

ZUHURA: Kwani wanafanya nini darajani?

BARAKA: Wanaachana.

ZUHURA: Waachanie ndani ya daladala. Vioo vimefungwa kwa sababu ya mvua, abiria wamebanana, wote wanasikiliza wakijifanya hawasikii. Maji unamwaga kwa mpira wa bustani upande wa dirisha moja, kamera haioni kwingine.

BARAKA: Na konda aingilie kati kudai nauli.

ZUHURA: Katikati ya machozi! Hiyo andika kabla hujasahau.

BARAKA: Konda nani ataigiza?

ZUHURA: Wewe. Na hulipwi.