Bwawa la Mtera: nani kashika mpini?

Mbukwenyi! Nashukuru mmeitikia. Najua wengi humu ni wa kuja kama mimi, lakini salamu ya mji huitikiwa na kila aliyemo.

Niliposema nakuja kuzungumzia usimamizi shirikishi wa uvuvi mdogo Dodoma, rafiki yangu mmoja alicheka. "Uvuvi Dodoma? Si ungeongelea zabibu?" Nikamwambia apite soko la Majengo asubuhi, awaulize kina mama wale perege na kambale waliobanikwa wametoka wapi. Wapo wa Hombolo, bwawa la tangu 1957. Lakini mzigo mkubwa unatoka Mtera, na Mtera ndiyo iliyonileta hapa.

Kwanza tukubaliane maana, maana neno "shirikishi" siku hizi linabandikwa kila mahali kama stika ya bima. Uvuvi mdogo ni mtumbwi, nyavu na vibarua wawili watatu. Kwa nchi hii ndio unaoleta zaidi ya asilimia 95 ya samaki wote tunaovua. Kuusimamia kwa ushirikishi ni Serikali na wavuvi kukaa pamoja, wakaamua nani avue, wapi, lini na kwa nyavu za matundu gani, kisha wakagawana kazi ya kulinda walichoamua. Kwetu chombo chake ni BMU, yaani kikundi cha wavuvi na wadau wao kinachosimamia uvuvi kwenye eneo lao. Ilianzia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1990, Sheria ya Uvuvi ya 2003 ikaitambua, Kanuni za 2009 zikaiwekea taratibu. Mwaka 2014 nchi wanachama wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zikapitisha miongozo ya hiari ya uvuvi mdogo, nayo inasema hivyohivyo: mvuvi awe sehemu ya maamuzi.

Karatasi hazina tatizo. Tatizo langu ni kile kinachogawanywa kweli. Miaka yote niliyozunguka mialoni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, nimeona tunagawa doria, hatugawi maamuzi. Kamati ya BMU inaambiwa ilinde. Usiku wanaingia majini kwa mtumbwi wa kuazima, mafuta wamechangishana, wanamkuta shemeji wa katibu anavuta kokoro, wavu uliokatazwa unaozoa hata samaki wachanga. Wanamkamata. Faini inakwenda kwingine. Lawama zinabaki kwa katibu, na atakumbushwa msibani mbele ya watu. Akifanyiwa hivyo mara mbili, mara ya tatu ataumwa tumbo siku ya doria. Mimi simlaumu.

Sasa tushuke Mtera. Kuna mzee mmoja mwaloni alinifundisha jambo ambalo chuoni nililisoma nikalisahau. Alitoa perege jike kwenye nyavu, akambana taya kidogo, mayai yakammwagikia kiganjani, ya manjano, kama punje za uwele. Perege huyu hulea mdomoni. Dume huchimba shimo kwenye mchanga, maji mafupi ya kandokando. Jike hutaga pale, kisha huyachota mayai kwa mdomo na kukaa nayo mpaka watoto waweze kuogelea. Mzee akakitazama kiganja chake, akasema, "Hawa ndio wa mwakani." Akawatia ndooni pamoja na mama yao, maana nyumbani kulikuwa na watu wa kula leo.

Hayo mashimo ndiyo nataka myakumbuke. Mtera si ziwa la Mungu. Ni bwawa lililozuiwa kwenye Mto Ruaha Mkuu, likakamilika miaka ya 1980 ilipoanza, hasa ili kuitunzia maji mitambo ya umeme ya Kidatu kule chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilianza 1988. Likijaa kabisa maji yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kina cha chini cha kuzalishia umeme ni mita 690. Tofauti ni mita nane na nusu. Kwenye korongo si kitu, ila kwenye tambarare kama ile maji yakishuka hivyo yanarudi nyuma mwendo mrefu, na nyuma yake wanaingia wenye majembe na wenye ng'ombe. Nimeyaona mashimo ya perege juu ya tope lililokauka, mapana kama ungo, mbali na maji. Mliokuwepo 2006 mnakumbuka mgao wa umeme. Sisi tuliwasha mishumaa. Mvuvi wa Mtera alikuwa akitembea kulifuata ziwa.

Kwa hiyo unaweza kuwa na BMU safi, katiba safi, kokoro zote zimechomwa, na bado samaki wa mwakani wakakaukia ukingoni kwa sababu ya uamuzi uliofanyika kwenye kikao ambacho mvuvi hajui hata kiko jengo gani. Anayefungua maji hayuko kwenye kamati. Sisemi mitambo izimwe. Hata kipaza sauti hiki kinakula umeme. Nasema Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009 inazo jumuiya za watumia maji, Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ipo, TANESCO ipo, BMU zipo, halmashauri za Chamwino, Mpwapwa na Iringa zote zinalitazama bwawa lilelile, na mimi binafsi sijawahi kukaa kikao kimoja chenye wote hao. Perege wa Migoli, upande wa Iringa, akivuka kuja upande wetu haombi kibali.

Mtaniuliza, mbona wa pwani wameweza? Songosongo na Mafia vijiji vimefunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, vikafungua, vikavuna wakubwa. Kweli. Lakini pweza hukua haraka, na siku ya kufungua wanapanga wanakijiji wenyewe. Bahari haina mtu wa kuifungulia koki.

Hata ndani ya kamati tujikague. Miongozo ya BMU ya Ziwa Victoria inataka wenye mitumbwi asilimia 30, vibarua wao asilimia 30, wachakataji na wadau wengine 30, wachuuzi 10, na wanawake wasiopungua watatu. Kikao kimoja nilichohudhuria mwenye mitumbwi minne alizungumza saa nzima. Mama mmoja mkaanga samaki alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi, akaomba swali moja tu: wiki ijayo maji yanashuka au hayashuki, nijue ninunue mafuta ya kukaangia madumu mangapi? Tuliokaa meza kuu tulitazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, ingawa kina cha bwawa lile hupimwa.

Mimi ningeanzia hapo: kibao mwaloni, chaki, kina cha leo na kinachotarajiwa wiki ijayo. Haya, nimeona mikono miwili mitatu. Tuanze na dada wa nyuma kule.