Jasho Lisilokauka: Unyevunyevu wa Hewa Dunia Inapozidi Joto

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nianze na namba mnayoisikia kila siku kwenye utabiri: "unyevunyevu asilimia 75." Namba hiyo peke yake haisemi hewa ina maji kiasi gani. Inasema imejaa kiasi gani kulingana na uwezo wake wa kubeba mvuke, na uwezo huo hupanda na joto. Hewa ya nyuzi 20 hujaa kwa gramu 17 hivi za mvuke katika mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 30 hubeba gramu 30. Kwa wastani, kila nyuzi moja huongeza uwezo huo kwa takriban asilimia 7.

Kwa hiyo juu ya bahari asilimia inaweza kubaki palepale huku maji yenyewe hewani yakizidi, na ndivyo inavyotokea. Mvuke huo nao huzuia joto lisitoke kwenda anga za juu, jambo ambalo John Tyndall alianza kulipima maabara huko London mwaka 1859. Gesi ya kaboni inapasha hewa, mvuke unaongezeka, na joto linapanda zaidi.

Bara hali ni nyingine. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko bahari, na mvuke wake mwingi hutoka baharini. Uwezo wa hewa unakua kuliko mvuke unaoletwa. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, inaonesha kwamba tangu 2000 asilimia ya unyevunyevu juu ya nchi kavu imeshuka. Hewa yenye kiu hunyonya udongo na majani, hata mvua iwe ileile.

Sasa turudi kwetu pwani, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Maji ya mtungi wa udongo hupoa vizuri Dodoma kuliko Tanga. Maji yanayopenya kwenye udongo hugeuka mvuke na kuondoka na joto, lakini hewa ya pwani imeshajaa, haipokei mengi. Mwili wa binadamu hujipoza vivyo hivyo, kwa jasho kukauka. Jasho linalochuruzika tu mpaka chini halimpozi mtu.

Wataalamu wa hali ya hewa hulipima hilo kwa vipimajoto viwili ndani ya kile kibanda cheupe cha kituo. Kimoja kikavu, cha pili kimevikwa kitambaa kilicholowa. Siku ya nyuzi 40 yenye unyevunyevu wa asilimia 20, chenye kitambaa husoma kama 23. Siku ya kaskazi yenye nyuzi 32 na asilimia 75, husoma 28. Nyuzi ni chache, lakini mwili unapata shida zaidi kujipoza.

Kitambaa kikisoma 35, hata mtu mwenye afya aliyekaa kivulini hawezi kujipoza. Ras al Khaimah kwenye Ghuba na Jacobabad nchini Pakistan zimeshaugusa mpaka huo kwa muda mfupi. Majaribio ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania State yaliyochapishwa 2022 yalikuta kwamba kwenye hewa yenye unyevu vijana wazima hushindwa mapema zaidi, karibu na 31. Kutoka 28 hadi 31 si mbali, na vijana wetu wengi wanafanya kazi huko Ghuba.

Qatar tangu 2021 imeweka sheria: kipimo kingine, kinachojumlisha joto, unyevunyevu na jua, kikizidi 32.1, kazi za nje zisimame. Makuli wetu bandarini na mafundi wa ujenzi wanastahili kinga ya namna hiyo. Kipimajoto cha kitambaa tunacho vituoni miaka mingi. Ninachoomba ni kwamba miezi ya kaskazi kisomwe redioni pamoja na nyuzi na asilimia, ili msimamizi ajue saa ya kuwapumzisha watu na kuwapa maji.