Lailaki Yako Haichanui? Tuutazame Mkasi

Hamjambo ndugu zangu. Nimeombwa niwaeleze juu ya lailaki, kichaka kinachoupa mji wetu huu wa Rochester, New York, harufu yake kila Mei. Kule kwenye bustani ya umma ya Highland Park, mtaalamu wa bustani John Dunbar alianza na aina 20 tu za lailaki mwaka 1892, na leo mnakiona kilima chenyewe kilivyo.

Swali linalonifikia kila mara ni hili: "Mbona yangu inastawi majani tu?" Tazameni tawi hili, nimelikata asubuhi. Hapa chini ya shada lililonyauka pana vichipukizi viwili vinavyoelekeana, kila kimoja upande wake. Vitarefuka kiangazi hiki, na kabla majani hayajapukutika, nchani mwake patakuwa na matumba manene mawili mawili. Hayo ndiyo maua ya Mei ijayo. Yatalala kwenye baridi na theluji miezi yote ile, tayari yamo.

Basi anayepogoa Machi anakata maua. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza hapa, nikajiona nimesafisha bustani. Mei ikafika, mtaa mzima unanukia, kwangu majani matupu. Iliniuma, maana nimekulia chini ya Kilimanjaro nikipogoa mibuni na babu. Mbuni nao huzaa kwenye tawi lililokua msimu uliopita, na babu hakugusa mkasi mpaka kahawa iishe kuvunwa. Nililijua jambo hili tangu utoto.

Pogoeni mara maua yanaponyauka, msikawie. Shina kuukuu, nene kama kifundo cha mkono, likateni chini kabisa, ila msizidishe theluthi ya mashina kwa mwaka. Maotea, yaani machipukizi yanayotoka chini shinani, mawili matatu yenye afya yaacheni yashike nafasi yake. Jua lisipungue saa sita kwa siku, na maji yasituame. Mbolea ya kukuzia nyasi za uani iwekeni mbali, maana ina naitrojeni nyingi, nayo huleta majani badala ya maua. Ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ukipaka majani weupe mwezi Agosti, msiogope, hauui.

Mama mmoja ameuliza kama anaweza kumpelekea dada yake Mombasa. Mama, lailaki hii inataka baridi ndefu ndipo ichanue. Pwani haitampa ua.

Kichaka cha hapo nje kimemaliza kuchanua wiki iliyopita. Mikasi iko mezani, twendeni.