Mazoezi ya sebuleni kwa miwani ya uhalisia pepe: tuanze na pangaboi

Haya, karibuni. Leo tunatoka jasho sebuleni tukiwa na miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuingiza ndani ya mchezo. Niliyoshika hapa ni Meta Quest 3, ila hata mwenye Quest 2 au 3S anaweza kwenda nami.

Kabla hujawasha chochote, tazama juu. Ukishavaa miwani na mchezo ukaanza, chumba hukioni tena, na mikono itapanda tu. Kama dari ni fupi na pangaboi linazunguka, vidole ndivyo vitakavyopata habari kwanza. Nyoosha mikono yote, simama kwa ncha za vidole. Unagusa kitu? Hama. Huna pa kuhamia, basi zima pangaboi na uwashe feni ya kusimama.

Sasa sakafu: mita 2 kwa 2 zinatosha. Meza ya kahawa itoke, stuli zitoke, na mtoto anayetambaa awe na mtu chumba kingine. Halafu tandika kimkeka katikati, usimame pekupeku. Nyayo zikigusa vigae vya baridi, ujue umeshatoka katikati. Feni iwe mbele yako. Upepo ukianza kukupiga sikioni, umegeuka bila kujijua. Miwani nayo itakuchorea mpaka, na lazima uuweke, ila mstari wake unaonekana ukiwa umeshaukaribia. Mkeka unakuambia mapema.

Kuvaa. Legeza mkanda, anza na uso, kisha vuta nyuma ukae chini ya kisogo. Miwani hii ina gramu 515. Ukiuacha mkanda utosini, mzigo wote unalala mashavuni. Wenye rasta na misuko, pitisheni nywele kwenye uwazi wa nyuma. Maandishi hayasomeki vizuri? Kwenye Quest 3 zungusha kigurudumu kilicho chini, taratibu. Na vitanzi vya rimoti za miwani, zile mbili unazoshika ukicheza, viingie mkononi, vikazwe. Rimoti ikichomoka, televisheni ndiyo italipa.

Pasha mwili kwanza, mabega na magoti, miwani ikiwa bado mezani.

Tunaanza na Beat Saber, mchezo wa kukata vipande kwa mapanga kufuata muziki, kiwango cha chini. Upanga mwekundu kushoto, wa buluu kulia, na vipande vinakuja kwa mdundo. Kata kufuata mshale. Wengi wanakata kwa viganja tu, mkono haupandi. Pointi watapata, jasho hawapati. Fungua bega, piga mkono mzima, hivi. Ukuta ukija usawa wa kichwa, usiinamishe mgongo: chuchumaa, goti likunje, kisha panda. Nyimbo chache tu, mapaja yatakuamkia.

Michezo ya kutembea kwa kijiti cha rimoti huku mwili umesimama iacheni kwanza, inaleta kichefuchefu. Ukihisi kizunguzungu hata kidogo, vua, kaa chini. Hakuna kujikaza hapa.

Betri ni kama saa 2, na mchezo ukishapakuliwa, hata umeme ukikatika unaendelea. Shida ni feni tu.

Ukimaliza, futa jasho kwenye sponji ya usoni. Kwa joto letu ni afadhali uivalishe kava ya silikoni. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu, spiriti hapana. Na usiiache dirishani lenzi zikitazama jua: zinakusanya miale na kuunguza kioo cha ndani, na doa hilo halifutiki. Irudishe kwenye boksi.